Vitanda vingapi? Jibu kwa mratibu anayeandika mpango wa afya ya akili wa mkoa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi na mratibu wa afya ya akili katika mkoa mmoja wa nyanda za juu kusini, Tanzania, mkoa wenye watu kama 1,500,000. Tumeambiwa tuandike mpango wa miaka 10 wa huduma zetu. Kikao cha kwanza karibu chote kiliishia kwenye ubishi wa jengo. Wakubwa wanataka hospitali ya vitanda 150, wanaiita "Mirembe yetu", kwa jina la hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili. Mimi hapa nina kliniki ya chumba kimoja na wodi ya vitanda 12. Daktari bingwa hatuna. Nimepewa wiki tatu nilete rasimu. Mkoa kama wetu unahitaji vitanda vingapi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Idadi ya vitanda nitakupa, lakini kwanza nikusimulie habari ya kijana mmoja. Jina lake silitaji, na hospitali aliyolazwa siitaji pia, kwa sababu wodi ile nilikuwa naiongoza mimi.

Alikuwa fundi baiskeli. Mara ya kwanza aliletwa nyuma ya pikapu amefungwa kamba mikono na miguu, huku mama yake kamshikilia kichwa kisigongegonge bodi. Baada ya wiki tatu ungemwona ungesema ni mfanyakazi wetu: anafagia uwanja, anasalimia kila aingiaye, anatengeneza kitoroli cha dawa kilichokuwa kimevunjika gurudumu. Tukamruhusu siku ya Ijumaa na vidonge vya wiki mbili, barua, na tarehe ya sindano yake ya mwezi. Zahanati ya kijijini kwao haikuwa na sindano hiyo, kwa hiyo ilimbidi arudi kwetu, kilomita 40 kwa gari la abiria, yeye na mama yake, kwenda na kurudi. Mwezi wa kwanza walikuja. Mwezi wa pili walikuja, tukawaambia dawa imeisha, warudi wiki ijayo. Hawakurudi. Mwezi wa tano akaletwa tena na kamba.

Katika miaka miwili ilitokea mara nne. Kwenye taarifa yangu ya mwaka kila kitu kilipendeza: wamelazwa wanne, wamepata nafuu wanne, wameruhusiwa wanne. Nilipongezwa. Ilinichukua muda kukiri kwamba wale wanne walikuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu pa kuanzia ni huu: andika mpango wako kuanzia siku ya 31 baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Ukishajua siku hiyo yuko wapi, anapata dawa kwa nani na nani atagundua kwamba hakuja, ndipo urudi nyuma kuelekea kliniki, wodi na jengo. Wengi tunaandika kuanzia kwenye jengo, na wino unatuishia kabla hatujafika kijijini.

Ubishi wa jengo usikushangaze. Nchi yetu imezoea kufikiri kwamba ugonjwa wa akili ni kitu cha kupelekwa mbali. Kituo cha Lutindi, kule Usambara, kilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, kikageuzwa makao ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Mirembe ikafunguliwa Dodoma 1927, enzi ya Mwingereza, na jina lake likaingia kwenye lugha hadi leo. Mtoto mtundu anaambiwa "utapelekwa Mirembe". Sisemi Mirembe ifungwe. Kuna wagonjwa wenye kesi za jinai wanaotunzwa kwenye kituo chake cha Isanga, kuna wagumu wanaohitaji mabingwa, kuna wanafunzi wa kufundishwa. Hospitali moja ya taifa ina kazi yake. Tunapotaka kuirudufu kila mkoa ndipo tunapokosea.

Na usidhani wazo la kusogeza huduma vijijini ni geni, la kuletwa na semina. Baada ya Uhuru tulikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa, kama Hombolo nje ya mji wa Dodoma, ambako mtu alipona huku akilima, tena wengine wakiwa na ndugu zao. Wazo hilo lilikuwa na ndugu yake Nigeria, Aro karibu na Abeokuta, ambako Dakta Thomas Adeoye Lambo alikuwa akiwaweka wagonjwa kwa wanakijiji tangu 1954. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mpango wa taifa wa afya ya akili uliojaribiwa mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na serikali ya Denmark. Wazo lake ni lile lile tunalolitafuta leo: mgonjwa atibiwe zahanati na kituo cha afya, mkoa usimamie, hospitali kubwa ibaki na wachache. Wauguzi walifundishwa, dawa zikafika. Kilichokuja kuusumbua ni kile kile kinachotusumbua mimi na wewe: fedha ya mfadhili ina tarehe ya mwisho, na kama dawa na mafuta ya gari havimo kwenye bajeti yetu wenyewe, siku hiyo ikifika muuguzi anabaki na cheti chake ukutani na kabati tupu.

Sasa tuhesabu. WHO waliwahi kukadiria kwamba skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili wa kusikia sauti na kupotoka mawazo, inampata mtu mzima mmoja kati ya 222. Katika mkoa wenu karibu nusu ya watu ni watoto, kwa hiyo chukua watu wazima 750,000, ugawe: unapata kama 3,400. Kifafa, ambacho kitaalamu si ugonjwa wa akili lakini kwetu kinaingia mlango huo huo wa kliniki, ni watu 4 hadi 10 kwa kila 1,000 wenye kifafa hai. Hao ni kati ya 6,000 na 15,000 mkoani kwako. Hapo hujagusa baipola (furaha iliyozidi mno ikipokezana na huzuni nzito), sonona (huzuni nzito isiyoondoka), pombe, mama aliyejifungua akaanza kuchanganyikiwa, wala vijana wa heroini. WHO wanasema mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo fulani la afya ya akili, wengi wao wakiwa na wasiwasi na sonona ambazo hazihitaji kitanda hata siku moja.

Ziweke namba hizo mezani kabla mtu hajasema neno "jengo". Halafu fungua rejesta yako ya kliniki uone una majina mangapi yaliyo hai, yaani waliofika angalau mara moja miezi mitatu iliyopita. Mkoa mmoja niliosaidia kupanga tulitegemea kukuta elfu kadhaa, tukakuta 412. Wengine walikuwa nyumbani, kwa mganga, kanisani, stendi, mahabusu, au wamekufa.

Haya, vitanda. Mimi ningeandika 30 hadi 40 katika hospitali ya rufaa ya mkoa, wanawake na wanaume mbali, na viwili hadi vinne katika kila hospitali ya wilaya ndani ya wodi ya kawaida kwa ajili ya siku tatu nne za kumtuliza mgonjwa. Chukua vitanda 30 na mgonjwa wa wastani anayekaa siku 21. Siku 365 mara vitanda 30 ni 10,950. Gawanya kwa 21, unapata walazwa 520 kwa mwaka. Kama kila mmoja anarudi mara mbili kwa mwaka kama fundi baiskeli wangu, umehudumia watu 260 tu, na wodi inafurika, na kila mtu anasema tuongeze jengo. Kama dawa inampata kijijini na anarudi mara moja katika miaka mitatu, vitanda vile vile 30 vinawatosha watu 1,500. Hesabu hii ndiyo ningempa mkuu wa mkoa kwenye karatasi moja, bila maneno mengi.

Wapo watakaokuja upande wa pili kabisa, waseme basi tusiwe na vitanda, wote warudi kwenye jamii. Hao nao waambie habari ya Gauteng. Kati ya 2015 na 2016 serikali ya jimbo hilo la Afrika Kusini ilivunja mkataba wake na vituo vya Life Esidimeni ili kubana matumizi, ikawahamisha haraka wagonjwa zaidi ya 1,500, wengi wao kwenye asasi zisizokuwa na leseni halali, chakula cha kutosha wala wauguzi. Watu 144 walikufa. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliyesikiliza shauri la familia zao alitoa uamuzi wake 2018, na kila mpangaji wa afya anapaswa kuusoma ingawa unaumiza. "Jamii" ikiwa ni neno tu kwenye mpango, bila muuguzi, bila dawa, bila nauli, mgonjwa anapelekwa pasipo na kitu.

Nirudi kwenye dawa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mipango mingi niliyoiona inapofia.

Zahanati zetu huagiza dawa kwa kuangalia zilichotumia miezi iliyopita. Kwa panadoli utaratibu huo unakwenda. Kwa dawa zetu ni mtego. Zahanati isiyokuwa na haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, haina mgonjwa wa haloperidoli. Isipokuwa na mgonjwa, matumizi ni sifuri. Matumizi yakiwa sifuri, oda inayokwenda Bohari ya Dawa ni sifuri. Mfamasia wa wilaya anaangalia takwimu anakwambia kwa nia njema kabisa kwamba huku hakuna mahitaji. Nimekaa kwenye kikao nikaambiwa wilaya nzima haina wagonjwa wa kifafa, wakati nje ya dirisha la kikao hicho alikuwa amekaa mtoto mwenye kovu la moto usoni, na kila mtu wa uswahilini anajua kovu la namna ile limetoka wapi: kuangukia moto kwa kifafa.

Mduara huo unaukata kwa kuagiza kwa kuhesabu watu. Tumia majina uliyonayo na makadirio niliyokupa hapo juu. Kama katika wagonjwa 3,400 unalenga 1,000 wapate sindano ya mwezi, unahitaji chupa 12,000 kwa mwaka na bomba zake, na akiba ya miezi mitatu. Andika hivyo hivyo. Usiandike "kuboresha upatikanaji wa dawa".

Orodha iwe fupi. Kliniki ya zahanati na kituo cha afya inaweza kufanya kazi kubwa ikiwa na dawa nane hivi zisizokatika: haloperidoli na klopromazini kwa wazimu, sindano ya mwezi ya fluphenazini, bensekso ya kuzuia kukakamaa, amitriptilini na fluoxetini kwa sonona, fenobabitoni na kabamazepini kwa kifafa. Hospitali ya wilaya iongeze olanzapini au risperidoni. Lithiamu, dawa ya baipola, iache mkoani penye maabara inayoweza kupima kiwango chake kwenye damu. Valproeti ni dawa nzuri ya kifafa na baipola, lakini kwa msichana na mwanamke wa umri wa kuzaa iepukwe kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Liandike hilo kwa herufi kubwa kwenye mwongozo wa mkoa, maana nimeona ikigawiwa kama peremende.

Bensekso watu huisahau kwa kuwa haitibu wazimu. Mgonjwa anayechomwa sindano akarudi nyumbani shingo imepinda na ulimi mzito hatakuja mwezi ujao, na jirani yake aliyemwona hatakuja kabisa. Na fenobabitoni, hii ya bei ya chini kuliko zote, ikikatika ghafla inaua. Mtu aliyeizoea akikosa siku chache anaweza kuanguka kifafa kisichokatika. Ndiyo maana nasema zahanati kuishiwa fenobabitoni ihesabiwe kama dharura, sawa na kuishiwa damu wodi ya wazazi. Msamaha wa malipo ulioko kwenye sera hauna faida kwa mtu anayeambiwa "msamaha unao, dawa hatuna, kanunue nje", kwa sababu duka la dawa la kijijini mara nyingi halina hizi zetu.

Baada ya dawa, watu. Daktari bingwa mtamwomba na mkimpata mshukuruni Mungu, lakini msimsubiri. Mhimili wa mkoa ni muuguzi wa afya ya akili, na adui wake mkubwa ni mahali anapopangiwa kazi. Wewe mwenyewe unajua. Anasomeshwa, anarudi, mganga mfawidhi anamtazama anaona mikono miwili ya ziada, anampeleka wodi ya wazazi au chanjo. Simlaumu mfawidhi, wazazi nao wanakufa. Lakini kwenye mpango andika kwamba kila kituo cha afya kitakuwa na watumishi wawili waliofundishwa, si mmoja, na kwamba kuhamishwa kwao kutapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwa barua. Barua haizuii kila kitu, ila inamfanya mtu afikirie mara mbili.

Mafunzo yenyewe yapo. Mwongozo wa mhGAP wa WHO, uliotoka 2010 na kufanyiwa marekebisho 2016, unamwezesha tabibu na muuguzi wa kawaida kutambua na kutibu magonjwa makuu bila kuwa bingwa. Siku tano za semina hazitoshi, hata posho ikiwa nzuri. Tabibu anayejifunza kuhusu skizofrenia Jumatatu na kumpata mgonjwa wake wa kwanza baada ya wiki sita amekwisha kusahau dozi, anaogopa, anaandika rufaa. Anachohitaji ni wewe umtembelee kila mwezi mkae naye mwone wagonjwa watano pamoja. Gari huna? Panda la chanjo. Mimi miaka mingi nilisafiri katikati ya majokofu ya chanjo, na nilijifunza kwamba dereva wa chanjo anajua njia na vijiji kuliko ramani ya mkoa.

Siku ya kliniki ifuate siku ya gulio. Jambo dogo hili halimo kwenye mwongozo wowote niliousoma. Siku ya gulio gari lipo, nauli imeshalipwa na maharage, na mama anaweza kumleta mwanawe bila kijiji kizima kujua anakwenda kliniki gani. Na kwa aliyetulia, mpe dawa za miezi miwili au mitatu. Muuguzi anayeona watu 25 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, anafikia 500. Wote wakija kila mwezi amejaa, hana nafasi ya mpya hata mmoja. Waliotulia wakija kila miezi mitatu, mlango unafunguka.

Sonona na mawazo mazito yanahitaji njia nyingine, kwa sababu watu hawa ni wengi na hawaji wakisema "nina sonona". Wanakuja na kichwa kinachouma, moyo unaokwenda mbio, mwili unaowaka, kukosa usingizi. Hapa Zimbabwe wametufundisha. Dakta Dixon Chibanda alianza Harare 2006 na akina bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, wakikaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulichambua tatizo lake moja baada ya jingine. Matokeo ya utafiti wao yaliyochapishwa 2016 yalionyesha waliokaa kwenye benchi walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi mabenchi tunayo na bibi tunao. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa kufikia wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294. Mgawo wa mkoa wako utakuwepo. Ukiwahi kuweka afya ya akili kwenye kazi zao sasa, umepata. Ukichelewa utakuta kadi yao ya kazi imejaa. Kazi yao kubwa kwa wagonjwa wako iwe moja: kwenda nyumbani kwa yule ambaye jina lake halikutiwa tiki.

Waganga wa kienyeji na watumishi wa maombi. Najua kikaoni mtagawanyika. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa 2003 uliwapima waliokwenda vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga: wenye sonona, wasiwasi na kadhalika walikuwa asilimia 24 vituoni na asilimia 48 kwa waganga. Maana yake, wagonjwa wetu wako kwao kuliko kwetu, tupende tusipende. Sijawahi kuona faida ya kuwapa waganga semina ya kuwageuza wauguzi. Nilichoona kikifanya kazi ni makubaliano ya mdomo, mbele ya mtendaji wa kijiji, kwa mambo machache: hakuna minyororo wala kufungwa mtini, hakuna kuachishwa dawa za hospitali, na mtu mwenye homa, anayeanguka, asiyekula, au aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu anakuja kwetu leo. Hilo la mwisho linaokoa watu. Mengi yanayoitwa wazimu wa ghafla huku kwetu ni malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sukari, na wakati wa kafara haupo. Mganga mmoja mzee tuliyekubaliana naye hivyo alinitumia wagonjwa miaka sita. Mimi nilimtumia mmoja tu, mgomvi wa mashamba ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, na aliniambia nilimpa kazi ngumu kuliko zake zote.

Polisi na sheria nitapita haraka. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaeleza namna ya kumlaza mtu asiyekubali, na askari wengi hawaijui. Saa mbili na OCD, mkuu wa polisi, wa kila wilaya zinatosha kwa kuanzia. Kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, na hofu hiyo inawafanya watu waseme "amekunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya". Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Mkoa hauwezi kubadili sheria, lakini unaweza kuwaelekeza watumishi wake watibu kwanza, tena waulize kwa upole. Kwa vijana wa heroini, ikiwa mji wenu uko kwenye njia kuu ya magari, waulizeni Muhimbili waliofungua kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, 2011. Msibuni upya.

Fedha. WHO wanasema serikali duniani, kwa wastani, hutumia kama asilimia 2 ya bajeti za afya kwa afya ya akili. Usitegemee kupanda hapo kwa hotuba. Kitu kisichokuwa na mstari kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri hakina fedha, hata kama kiko kwenye mpango wa mkoa wenye jalada la kung'aa na picha ya mkuu wa mkoa. Kwa hiyo kazi yako halisi ni kuingia kwenye vikao vya kila halmashauri kabla bajeti haijafungwa na kuhakikisha yako mambo matatu: dawa kwa majina na idadi, mafuta ya gari la usimamizi, na muda wa maongezi wa simu kwa ajili ya kuwafuatilia wasiokuja. Hilo la simu watalicheka. Shilingi elfu kumi ya vocha kwa mwezi kwa kila kituo hurudisha wagonjwa kliniki kuliko bango lolote nililowahi kulitundika.

Vipimo weka vichache. Mimi ningebaki na vitatu: siku ambazo sindano na fenobabitoni vilikuwepo kabatini, walioruhusiwa wodini wakaonekana kliniki ndani ya siku 30, na waliolazwa tena ndani ya miezi sita, wakihesabiwa kwa vichwa, si kwa mafaili. MTUHA, mfumo wa serikali wa takwimu za afya, itakuomba mengine, jaza, lakini kwenye kikao cha mkoa pelekeni haya matatu kila robo mwaka, kila halmashauri na jina lake. Wakurugenzi hawapendi kuwa wa mwisho.

Sasa, yule mkubwa anayetaka jengo. Usimkatalie mbele ya watu. Ana sababu zake, na nyingine ni nzuri: amechoka kuona wagonjwa wanazagaa stendi, na jengo lina jiwe la msingi ambalo vocha ya simu haina. Mpe jengo, lakini dogo. Mwombe wodi ya vitanda 36 ndani ya uzio wa hospitali ya rufaa ya mkoa, si kilomita tano nje ya mji, yenye vyumba vya wanawake vinavyofungwa kwa ndani, bustani ya kulima mboga, jiko ambalo ndugu anaweza kukaa, na kliniki ya nje yenye vyumba vitatu ili mgonjwa asielezee ndoto zake mbele ya foleni. Karakana ya ufundi pia. Fundi baiskeli wangu angeipenda. Na umwambie fedha inayobaki kati ya vitanda 150 na 36, kuanzia ujenzi, umeme, walinzi, wapishi hadi mishahara ya kila mwaka kwa miaka 10, ndiyo dawa na watu wa halmashauri zote. Afanye hesabu mwenyewe. Watu hukubali kwa urahisi hesabu waliyoifanya kwa kalamu yao.

Kabla ya kuandika neno la kwanza la rasimu, chukua siku mbili. Nenda zahanati moja ya mbali, siyo ile ya barabarani wanayopelekwa wageni. Fungua kabati, angalia kuna nini. Fungua rejesta, andika majina kumi ya walioruhusiwa wodini kwako mwaka jana kutoka kata ile, kisha panda bodaboda na mhudumu wa afya wa kijiji mwende nyumba kwa nyumba. Uliza wangapi wanakunywa dawa, wangapi wamefungwa, wangapi wamehama, wangapi mmewahi kuwahesabu mara mbili. Majibu hayo kumi yaweke ukurasa wa kwanza wa mpango, na mengine yote yafuate. Ukishawapata, niandikie tena, tutapitia bajeti pamoja mstari kwa mstari.